Majid na mji uliokuwa kichwani mwake

Muhula uliopita, kwenye somo la jiografia ya binadamu, mhadhiri alituambia tuzime simu, tuchukue karatasi tupu na tuchore Dar es Salaam kwa kichwa. Dakika kumi tu. Tulipobandika kazi zetu ukutani tulicheka sana. Waliokaa hosteli walichora barabara ya mwendokasi, geti la chuo na pa kula chipsi, basi. Jamaa anayetokea Masaki alisahau Mbagala yote. Mimi Mbagala yangu ilimeza nusu ya karatasi, kwa sababu bibi yangu anaishi huko, na mwezi ule nyumba yake ilikuwa imepigwa alama ya X nyekundu kupisha upanuzi wa barabara.

Mhadhiri alisema hakuna aliyekosea. Kila mtu ana mji wake kichwani, ila wachache ndio wana uwezo wa kuujenga wa kwao juu ya ardhi ya wengine. Nilipoambiwa niandike insha kuhusu hilo, nikamchagua Sayyid Majid bin Said. Wengi wetu tunapita kwenye mji wake kila siku na hatumjui.

Majid alizaliwa mnamo mwaka 1834, mtoto wa Seyyid Said, yule aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja. Baba alifia baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurudi Zanzibar. Kijana wa miaka kama 22 akajikuta mtawala, na ndugu zake hawakuridhika. Kaka yake Thuwaini, aliyekuwa Muscat, aliitaka Zanzibar. Mdogo wake Barghash alipanga kumpindua mwaka 1859, na dada yao Salme alikuwamo kwenye njama hiyo. Majid aliokolewa na Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Waingereza huko India, aliamua kwamba Zanzibar na Oman zitengane, lakini Majid amlipe Thuwaini riale 40,000 kila mwaka.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Unatawala kisiwa ambacho kila kona ina ndugu anayekuonea wivu, na makonseli wa mataifa makubwa wanakuchungulia dirishani. Biashara yako ya pembe za ndovu na watumwa inatoka bara, ikipitia bandari kama Bagamoyo, ambako pwani ni wazi na maji ni mafupi, vyombo vikubwa vinatia nanga mbali. Kusini ya hapo kuna kijiji kinaitwa Mzizima. Washomvi na Wazaramo wa pale walikuwa wakivua na kulima, na jina lenyewe hufasiriwa kuwa mji wenye afya. Walichokiona wao ni ufukwe wa kuvutia ngalawa na mashamba ya kulisha watoto. Majid aliona kitu kingine: mlango mwembamba wa bahari, na ndani yake maji marefu yaliyotulia, yaliyokingwa na upepo. Bahari ile ile, macho tofauti.

Miaka ya 1860 akaanza kujenga. Akapachika na jina jipya. Wapo wanaosema Dar es Salaam ni bandari ya salama iliyofupishwa, wapo wanaosema ni nyumba ya salama kwa Kiarabu. Vyovyote iwavyo, kwa mtu aliyenusurika kupinduliwa na mdogo wake, neno salama halikuwa pambo. Likajengwa kasri la mawe ya matumbawe, nyumba ya wageni, na mashamba ya minazi pembeni. Na tusifiche: kazi kubwa ya mikono ilifanywa na watumwa. Salama ile haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1867 Majid aliwaandalia makonseli wa kigeni karamu kubwa kwenye mji wake mpya.

Hakuufaidi. Inasimuliwa kwamba alianguka ndani ya kasri lake jipya akaumia, na Oktoba 1870 akafariki akiwa na miaka kama 36. Aliyerithi kiti ni nani? Barghash yule yule. Yeye alipoitazama Dar es Salaam hakuona bandari ya kesho, aliona mradi wa kaka yake. Fedha zikakatika, kuta zikaota majani, na wavuvi wakaendelea na ngalawa zao.

Kisha Wajerumani wakaja na macho yao. Mwaka 1887 wakafungua kituo, mwaka 1891 wakahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo, na mwaka 1905 wakaanza kutandika reli ya kati kutoka pale pale. Walichotaka ni kile alichokitaka Majid: maji marefu na njia ya kuingia bara. Ndoto ya mtu aliyekufa ikatimizwa na watu wasiomjali.

Kasri lake halipo tena. Ile nyumba ya wageni bado ipo, tunaiita Boma la Kale, iko Barabara ya Sokoine karibu na boti za Zanzibar. Nilikwenda kuiona na daftari langu. Watu walikuwa wanapita haraka na mabegi, na wiki moja kabla nami ningepita vile vile.

Kutoka pale nilipanda daladala hadi Mbagala. Nilimpa bibi penseli, nikamwomba achore mtaa wake. Alisita, akasema yeye si msomi, kisha akaanza. Kwanza mkorosho uliokatwa zamani, ambao kituo bado kinaitwa kwa jina lake. Halafu kisima, kaburi la babu, na kijinjia cha kwenda kwa jirani aliyemsaidia kulea wanawe. Barabara hakuichora kabisa.

Kwenye ramani ya wale waliopiga X, nina hakika barabara ipo, na hayo mengine hayapo. Fidia itahesabu matofali na mabati. Insha niliikusanya siku ya mwisho, nikiwa nimeambatisha karatasi ya bibi. Nakala nyingine ameniagiza nimtunzie, kwa sababu kule atakakohamia anataka kuibandika ukutani.