Asbjørn Følling: Tabibu Aliyemsikiliza Mama

Ivar Asbjørn Følling alizaliwa mwaka wa 1888 huko Kvam, nchini Norwe, katika familia ya wakulima. Alihitimu kwanza katika kemia mjini Trondheim mwaka wa 1916, kisha akasomea udaktari jijini Oslo. Taaluma hizo mbili ndizo zilizomwezesha kufumbua fumbo lililowashinda wenzake.

Mnamo 1934 alijiwa na mama mwenye watoto wawili. Wote walizaliwa wakionekana wazima, lakini akili zao zikadumaa. Binti alitamka maneno machache tu, ilhali mdogo wake wa kiume hakutembea wala kusema. Mama huyo alikuwa amebisha hodi kwa madaktari wengi akitaka kujua chanzo cha masaibu hayo, na cha harufu ya ajabu iliyowaandama wanawe. Hakupata jibu.

Følling hakumpuuza. Aliutia mkojo wa watoto hao kloridi ya feri, kemikali iliyotumiwa kuwachunguza wagonjwa wa kisukari. Badala ya kuwa mwekundu, mkojo uligeuka kijani. Aliagiza watoto wasipewe dawa yoyote kwa muda, kisha akarudia kipimo. Rangi ikawa ile ile. Kutokana na takribani lita 20 za mkojo alizoletewa na mama huyo, alifaulu kutenga asidi ya fenilpiruviki. Baadaye alipima mkojo wa watu 430 waliokuwa katika taasisi za wenye ulemavu wa akili, akapata wagonjwa wanane zaidi. Kwa kuwa miongoni mwa wagonjwa kulikuwa na ndugu wa tumbo moja, alitambua kuwa maradhi hayo hurithiwa.

Maradhi yenyewe sasa huitwa fenilketonuria. Mwili hushindwa kuivunja fenilalanini, ambayo ni sehemu ya protini, nayo hulimbikizana na kuudhuru ubongo. Mnamo 1953 Horst Bickel na wenzake mjini Birmingham, Uingereza, walionyesha kuwa lishe yenye fenilalanini kidogo huleta nafuu. Katika miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alieneza kipimo cha tone la damu ya mtoto mchanga, maradhi yakaweza kugunduliwa kabla ya ubongo kudhurika.

Følling alituzwa na Rais John F. Kennedy mwaka wa 1962, akafariki mwaka wa 1973. Tiba haikuwawahi watoto wale wawili. Hata hivyo, kwa sababu mama yao hakuchoka kuuliza, na tabibu mmoja hakuchoka kusikiliza, watoto wengi waliozaliwa baada yao wamekua wakiwa na akili timamu.