JACQUES DAVIEL: TABIBU ALIYEKUBALI KUBADILI NJIA

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku hizi nyanya akipelekwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho, sisi twaona ni jambo la kawaida tu. Je, wamjua aliyeianzisha njia hiyo?

Jacques Daviel alizaliwa huko Normandy, Ufaransa. Alisomea upasuaji mjini Rouen. Tauni ilipozuka kusini mwa nchi hiyo mwaka wa 1720, wengi walikimbia, lakini yeye alijitolea kwenda kuwauguza wagonjwa. Baadaye alifanya kazi Marseille, akabobea katika macho.

Enzi hizo mtoto wa jicho hakutolewa. Tabibu alidunga jicho kwa sindano, akaisukuma lenzi yenye ukungu mpaka chini, ikabaki humo humo ndani! Mara nyingi ilipanda tena, au jicho likavimba na kupofuka.

Mnamo 1745, Daviel alikuwa akimtibu mtawa mmoja kwa sindano. Ghafla mambo yakaharibika. Vipande vya lenzi vilikuja mbele ya mboni na damu ikajaa jichoni. Angefanyaje? Ganzi ya macho haikuwapo. Ilikuja mwaka wa 1884. Mgonjwa yu macho, anasubiri. Daviel alikata ngozi angavu ya mbele ya jicho, akavitoa vipande vile. Mtawa akaona! Lakini wapi, baada ya muda mfupi jicho lilitunga usaha, likapotea.

Mwingine angekata tamaa. Daviel aliwaza hivi: ikiwa vipande vyaweza kutoka, mbona lenzi isitolewe kabisa? Mwaka wa 1747 sindano ilimshinda tena, safari hii kwa fundi wa nywele za bandia. Akalifungua jicho, akaitoa lenzi.

Mwaka wa 1749 aliteuliwa tabibu wa macho wa Mfalme Louis wa 15. Taarifa yake iliyochapishwa mwaka wa 1753 ilitaja macho 206 aliyoyapasua, na 182 yakafaulu. Yale 24 yaliyoshindikana hakuyaficha.

Daviel alifariki mwaka wa 1762 mjini Geneva, Uswisi. Hadi leo madaktari huitoa lenzi mbovu, hawaisukumi ndani.

Wanafunzi wenzangu, hesabu ikikataa katikati ya mtihani, usitupe kalamu. Kuteleza si kuanguka. Mtazame Daviel, kisha ujaribu njia nyingine.