Zayd bin Haritha (r.a.): mtoto wa kulelewa aliyerudishiwa jina la baba yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), yeye aliyekua yatima na akawa mlezi wa wengine.

Ndugu zangu, hapa kwetu Bujumbura, hasa mitaa kama Buyenzi, nyumba zenye watoto wa kulea ni nyingi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha mayatima wengi, na wazazi wetu waliwachukua bila kuandikiana mkataba wowote. Kaka yangu mkubwa aliingia nyumbani kwetu hivyo, na cheti chake cha shule kikaandikwa jina la baba yangu. Siku alipokwenda kuandikisha ndoa, sheikh alimwuliza yeye ni bin nani. Kaka alimtazama baba, na baba akainamisha kichwa. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma maisha ya Zayd bin Haritha (r.a.), na toleo hili nimependa tuyasome pamoja.

Zayd alizaliwa katika kabila la Kalb. Baba yake ni Haritha bin Sharahil, na mama yake Su'da binti Tha'laba, ambaye asili yake ni kabila la Tayy. Akiwa bado mtoto, mama yake alimchukua kwenda kuwasalimia watu wa kwao. Huko wapanda farasi wa Banu al-Qayn waliwavamia, wakamteka Zayd, wakampeleka kumuuza katika soko la Ukadh karibu na Makka. Mnunuzi alikuwa Hakim bin Hizam, aliyemnunulia shangazi yake, Bibi Khadija (r.a.). Khadija alipoolewa na Muhammad (S.A.W.), kabla ya utume, alimpa Zayd kuwa zawadi.

Huko nyuma Haritha hakupumzika. Alimlilia mwanawe kwa mashairi, akiuliza kila msafiri. Hatimaye watu wa Kalb waliokwenda kuhiji walimwona Zayd Makka, wakamtambua, wakapeleka habari. Haritha akafunga safari na ndugu yake Ka'b, wamebeba mali ya kumkomboa. Muhammad (S.A.W.) hakutaka mali yao. Aliwaambia wamwite Zayd, achague mwenyewe: akiwachagua wao, aende bure, akichagua kubaki, yeye hawezi kumfukuza aliyemchagua. Zayd akabaki. Baba na ami yake walishangaa kumwona mtu akiuacha uhuru na ukoo wake. Ndipo Muhammad (S.A.W.) alipomchukua hadi kwenye Al-Kaaba na kuwashuhudisha Makureshi kwamba Zayd ni mwanawe, watarithiana. Haritha aliposikia hayo moyo wake ulitulia, akarudi kwao. Tangu hapo watu wakamwita Zayd bin Muhammad.

Utume ulipokuja, Zayd alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuamini. Alikuwa pamoja na Mtume (S.A.W.) Taif, walipopigwa mawe, naye akajifanya ngao mpaka kichwa chake kikajeruhiwa. Mtume alimwoza Ummu Ayman, mama aliyemlea yeye mwenyewe utotoni, wakamzaa Usama. Baadaye akamwoza Zaynab binti Jahsh (r.a.), binti wa shangazi yake.

Hapa ndipo penye funzo kubwa. Madina, Mwenyezi Mungu aliteremsha katika Suratul Ahzab (aya ya 4 na ya 5) hukumu kwamba watoto wa kupanga si wana wa kuzaa, na waitwe kwa majina ya baba zao. Wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Zayd akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Ndoa yake na Zaynab ilikuwa na mvutano. Mtume alimshauri abaki na mkewe, lakini mwisho walitengana. Kisha, kwa amri ya Mwenyezi Mungu, Mtume akamwoa Zaynab, ili waumini wajue kwamba ile desturi ya zamani imeondolewa. Katika aya ya 37 ya sura hiyo hiyo Zayd ametajwa kwa jina lake. Hakuna swahaba mwingine yeyote aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani. Wako wanazuoni walioona kwamba aliyevuliwa heshima ya kuitwa mwana wa Muhammad alipewa hii badala yake: jina lake linasomwa misikitini mpaka Kiyama.

Sasa tujiulize: je, baada ya hukumu hiyo Zayd alitolewa nyumbani? Hasha. Aliendelea kuitwa kipenzi cha Mtume, na Usama kipenzi mwana wa kipenzi. Watu walikuwa wakinong'ona juu ya nasaba ya Usama, kwa kuwa yeye alikuwa mweusi na Zayd mweupe. Siku moja baba na mwana walikuwa wamelala, wamejifunika nguo moja, miguu ikiwa nje. Mtu hodari wa kutambua nasaba akapita, akaiona ile miguu, akasema imetokana moja na nyingine. Mtume (S.A.W.) aliingia kwa Bibi Aisha (r.a.) uso ukimeremeta kwa furaha. Alifurahi kwamba nasaba ya Zayd imethibiti, nasaba ambayo si yake yeye.

Mwaka wa 8 Hijria Mtume alituma jeshi la watu 3,000 kwenda Mu'ta, katika nchi ya Sham, na amiri wa kwanza alikuwa Zayd. Aliuawa akiwa ameshika bendera, wakamfuata Ja'far bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha (r.a.). Mtume aliwatangazia watu wa Madina vifo vyao kabla habari haijafika, machozi yakimtoka. Miaka michache baadaye, karibu na kufa kwake, alimpa Usama uongozi wa jeshi angali kijana. Wengine waliponung'unika, aliwakumbusha kwamba hata juu ya baba yake walinung'unika, naye alistahiki.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumesikia kwamba Uislamu umekataza mtoto wa kupanga, tukaishia hapo. Kilichokatazwa ni kumfutia mtoto asili yake. Kumlisha, kumsomesha na kumpenda ni ibada yenye daraja kubwa. Zayd alipoteza jina moja tu. Nafasi yake mezani, vitani na moyoni mwa Mtume ilibaki palepale. Mtoto wa kulea harithi kama mwana wa kuzaa, lakini mlezi anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi, au kumpa hiba angali hai. Na akinyonyeshwa na mama mlezi ndani ya miaka miwili ya kwanza, kwa kiwango kinachotakiwa kisheria, anakuwa mwana wa kunyonya na maharimu wa nyumba. Kubwa zaidi ni kumwambia ukweli mapema, asije akaupata mbele ya sheikh siku ya kuandikisha ndoa.

Jioni ile baba alimwita kaka chumbani, akamtajia jina la baba yake, kijiji alichotoka, na jinsi alivyokufa. Walikaa muda mrefu. Ndoa ilifungwa kwa jina hilo. Mahari alitoa baba yangu, na kaka bado anamwamkia kama baba yake kila asubuhi.

Mwenyezi Mungu amridhie Zayd, awarehemu wazazi waliotutangulia, na awalipe kheri wote wanaolea. Amin.