Bullock, fundi aliyeifundisha karatasi kukimbia

Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake halitajwi sana vijijini kwetu, ingawa kazi yake hufika huko kila siku. Ukienda sokoni Homa Bay kununua omena, huenda ukafungiwa kwa gazeti la juzi. Ukipanda matatu kutoka Migori kwenda Kisii, utamkuta abiria amelikunjua gazeti la leo mbele ya uso wake. Gazeti hilo lilipigwa chapa usiku kwa maelfu, kutoka katika karatasi moja ndefu iliyozungushwa kama jora la kitambaa. Mtu aliyefaulu kuilisha mitambo ya magazeti karatasi ya namna hiyo ni Mmarekani William Bullock, aliyefariki dunia mwaka wa 1867. Miongoni mwa mafundi wa kupiga chapa jina lake ni kubwa hata leo.

Ninazo sababu mbili za kumkumbuka. Ya kwanza, nilifanya kazi Nairobi kwa miaka mingi kando ya majora hayo, ambayo sisi mafundi tuliyaita rili. Ya pili ni kovu lililo juu ya kisigino cha mguu wangu wa kulia. Kovu hilo na kifo cha Bullock vina asili moja, nami nitalieleza mahali pake.

YATIMA KARAKANANI

William Bullock alizaliwa mwaka wa 1813 huko Greenville, katika jimbo la New York. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na kaka yake, aliyekuwa fundi wa kusubu chuma na wa mashine. Alipotimiza umri wa miaka minane tayari alikuwa akifanya kazi karakanani. Kwetu Nyanza Kusini si ajabu mtoto kulelewa na kaka, wala si ajabu kaka huyo kumpa mdogo wake kazi kabla hajampa daftari. Lakini kijana huyu alipenda vitabu, na elimu ya mashine aliyoikosa shuleni aliitafuta mwenyewe.

Alipokuwa kijana alikwenda kusini, mjini Savannah katika jimbo la Georgia, akafungua karakana yake. Huko alibuni mashine ya kukata vigae vya mbao vya kuezekea nyumba. Mashine ilifanya kazi, ila biashara ilimshinda, akarudi kaskazini. Hakukata tamaa. Alitengeneza mashine za kushindilia pamba na nyasi kavu, na nyingine ya kupanda nafaka shambani. Hii ya kupanda nafaka ilimpatia tuzo ya Taasisi ya Franklin ya Philadelphia mwaka wa 1849.

Mimi huiona mashine hiyo kuwa ndiyo mzazi wa kazi yake kubwa. Mashine ya kupanda haina budi kuachia mbegu kwa kipimo, isimwage rundo mahali pamoja na kuruka pengine. Fundi aliyezoea kuwaza namna hiyo alikuwa karibu na siri ya kulisha karatasi.

Katika miaka hiyohiyo Bullock aliingia katika uandishi, akawa mhariri wa gazeti lililoitwa The Banner of the Union. Hapo akayaona kwa macho yake mateso ya wapiga chapa.

MASHINE ILIYONGOJA VIDOLE

Mateso yenyewe yalikuwa haya. Tangu mwaka wa 1814 gazeti la The Times la London lilikuwa likipigwa chapa kwa mtambo wa mvuke uliobuniwa na Mjerumani Friedrich Koenig, uliotoa karatasi 1,100 kwa saa. Katika miaka ya 1840, Richard Hoe wa New York alizipanga herufi juu ya silinda kubwa inayozunguka, na mwendo ukaongezeka sana. Hata hivyo, karatasi bado ilitiwa kwa mkono, moja moja. Mitambo mikubwa ya Hoe ilihitaji watu kumi wamesimama juu ya majukwaa, kila mmoja akisukuma karatasi yake kwa zamu. Chuma kilikuwa na nguvu za kukimbia, lakini kililazimika kungoja vidole vya binadamu.

Nilipokuwa kijana niliiona kazi hiyo katika duka dogo la kupiga chapa mjini Homa Bay, walipokuwa wakitengeneza vitabu vya risiti. Fundi aliingiza karatasi kwa mkono mmoja na kuitoa kwa mkono mwingine, na mdomo wa mashine ulifunguka na kufungwa katikati ya mikono yake. Kwa hesabu ndogo njia hiyo yafaa. Wamisionari wa Kiadventista walioanza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906 chini ya Mkanada Arthur Carscallen, walipata mashine yao ndogo ya kupiga chapa yapata mwaka wa 1913, na kutoka kilima kile maandishi ya Kijaluo yakaenea. Lakini gazeti la kila siku la mji mkubwa haliwezi kungoja.

La kushangaza ni kwamba karatasi ndefu ilikuwapo zamani. Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipewa hataza ya mashine ya kutengeneza karatasi isiyo na mwisho mwaka wa 1799. Viwanda viliitengeneza karatasi ikiwa ndefu, vikaikata vipande, kisha watu wakateseka kuvitia vipande hivyo mashinemoja baada ya kingine! Mwingereza Rowland Hill, yuleyule aliyeleta stempu ya barua ya peni moja, alibuni mtambo wa kula karatasi ya jora mwaka wa 1835. Uliuawa na kodi. Wakati huo kila karatasi ya gazeti huko Uingereza ilipaswa kugongwa mhuri wa serikali, na wakubwa wa hazina hawakukubali mhuri huo ugongwe ndani ya mtambo.

KUVUTA BILA KUKATA

Msomaji anaweza kudhani kwamba kulisha jora ni jambo jepesi: uvute tu. Sivyo. Nitaeleza kwa mambo ya kwetu.

Waliolima kwa plau ya ng'ombe huko Migori wanajua kazi ya mnyororo. Ng'ombe wakisimama mnyororo hulegea. Wakiondoka ghafla hukazika kwa kishindo na huweza kukatika. Mkulima hodari huutaka mnyororo uwe umekazwa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo wa mtaro hadi mwisho. Na zamani, wavuvi wa ufuo wa Homa Bay walipokuwa wakikokota juya, walijipanga safu mbili za kamba. Safu moja ikivuta kuliko nyingine, wavu ulikwenda upande na samaki wakatoroka.

Karatasi ina shida zote mbili, tena ni dhaifu. Ikilegea, hukunjamana na maandishi huenda kombo. Ikikazwa mno, hukatika. Ikikazwa upande mmoja, hukimbilia kando. Jora lenyewe nalo ni zito, kwa hiyo lazima lizuiwe kwa breki, la sivyo litazunguka kwa kasi yake lenyewe na kuimwaga karatasi sakafuni. Lakini jora hukonda kadiri linavyoliwa. Breki ileile iliyofaa jora likiwa nene huvuta kwa ukali zaidi jora likiwa jembamba, maana kipenyo kimepungua. Kwa hiyo breki lazima ilegezwe kidogo kidogo tangu mwanzo wa jora hadi mwisho wake.

Bullock aliyafikiri mambo haya kwa miaka. Alianza na majaribio ya mashine za kuzungushwa kwa mkono, akazidi kuendelea, hata mwaka wa 1863 akapewa hataza ya mtambo wake. Ulivuta karatasi kutoka katika jora, kisu kikaikata kwa kipimo, vidole vya chuma vikakipokea kipande na kukipitisha katika silinda za chapa, upande mmoja kisha wa pili. Mtambo ulitoa karatasi 10,000 na zaidi kwa saa, zimechapwa pande zote mbili, pasipo hata mtu mmoja wa kuzitia kwa mkono. Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865, na kila nyumba ilikuwa na mwana aliyekwenda kupigana. Watu walikuwa na kiu ya habari. Gazeti la Philadelphia Inquirer lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuutumia mtambo huo.

Haifai kumpa Bullock sifa zisizo zake. Yeye aliikata karatasi kabla ya kuipiga chapa. Waliokuja baada yake, The Times la London kwa mtambo wao wa Walter, na baadaye kampuni ya Hoe, waliiacha karatasi ipite nzima kati ya silinda zote, ikakatwa mwishoni. Ndiyo njia ambayo magazeti yameifuata. Lakini mlango aliufungua yeye.

ALIVYOKUFA

Tarehe 3 Aprili 1867, Bullock alikuwa Philadelphia akiurekebisha mtambo wake mpya uliokuwa ukiwekwa kwa ajili ya gazeti la Public Ledger. Mkanda wa kuendeshea mashine ulikuwa haujakaa juu ya gurudumu lake. Badala ya kuusimamisha mtambo, aliupiga mkanda teke ili uingie. Mguu wake ukanaswa ukasagwa. Siku chache baadaye kidonda kilioza. Tarehe 12 Aprili, madaktari walipokuwa wakiukata mguu ili kuokoa maisha yake, alifariki. Alizikwa Pittsburgh, katika makaburi ya Union Dale.

Mtu aliyejua kiasi ambacho karatasi nyepesi yaweza kuvutwa kabla ya kukatika aliuawa na mkanda ambao hakuungoja usimame. Jambo hilo nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa fundi mmoja mzee, katika zamu ya usiku huko Nairobi, tulipokuwa tukingoja rili mpya. Mikono yangu iliishiwa nguvu. Sasa nieleze kwa nini.

Mwaka wa 1974, kabla sijaenda Nairobi, nilikuwa kibarua katika kinu cha kusaga mahindi, katika soko moja dogo upande wa Rongo. Mkanda wa kinu ulikuwa mrefu na umechakaa, ukitoka kila mara. Kuizima injini kulikuwa taabu, maana kuiwasha tena kulihitaji watu wawili wa kuzungusha mtaimbo, na akina mama walikuwa wamepanga foleni na debe zao. Basi tulizoea kuurudisha mkanda kwa mguu, injini ikiwa inanguruma. Tuliona huo ndio uhodari. Siku moja mkanda ulikishika kiatu changu cha akala. Nilivutwa nikaanguka, nikauona mguu wangu ukienda kwenye gurudumu. Ugwe wa akala ukakatika. Kiatu kilikwenda, nami nikabaki na jeraha lililofika mfupani. Kama ningekuwa nimevaa kiatu kizuri cha kamba, nisingeandika maneno haya.

Nilipopata kazi Nairobi nilikuwa nachechemea bado. Nchi yetu ilikuwa imekwisha kupata mitambo ya ofseti inayokula karatasi ya rili. Daily Nation ilianza kuchapwa kwa njia hiyo mwaka wa 1960. Mahali nilipofanya kazi mimi, wajibu wangu wa kwanza ulikuwa kuitazama rola moja inayopanda na kushuka juu ya karatasi. Ikipanda, karatasi imekazika mno, na breki hulegezwa. Ikishuka, karatasi imelegea, na breki hukazwa. Karatasi ilipokatika, mtambo mzima ulisimama, na magari ya kwenda Kisii, Homa Bay na Migori yakachelewa. Tulilaumiwa sana kwa kila dakika iliyopotea. Na hapo ndipo hatari ilipokuwa, kwa maana fundi anayelaumiwa kwa kuchelewa hutia mkono mahali asipopaswa. Tangu nilipoijua habari ya Bullock sikuwahi kugusa kitu chochote kilichokuwa kikizunguka. Niliitwa mwoga. Nimestaafu na vidole kumi.

Siku hizi vyombo vya umeme huupima mvuto wa karatasi na kuirekebisha breki vyenyewe, na wengi husoma habari katika simu. Lakini mikanda haijaondoka. Nikitembea kutoka Rodi Kopany hadi Migori bado naviona vinu vya mahindi vyenye mikanda iliyo wazi, na katika machimbo ya dhahabu ya Migori mashine za kusaga mawe zinazungushwa kwa mikanda, vijana wamesimama kando yake wamevaa kandambili. Mimi huingia nikawaonyesha kovu langu. Wengine hucheka. Mmoja au wawili huzima injini.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Bullock aliupa ulimwengu haraka kubwa, na twamshukuru kwayo kila tunapofungua gazeti. Kwa kosa lake la dakika moja ametuachia pia onyo, nalo linafaa kusomwa katika kila kinu cha Homa Bay na Migori: zima kwanza, ndipo uguse.