Pasteur alivyoishi karibu miaka 27 na kiharusi

LOUIS Pasteur ni jina ambalo wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hukutana nalo bila kujua. Maziwa ya pakiti yanayovuka mpaka yamepashwa moto kwa njia iliyopewa jina lake. Chanjo ya kimeta anayochomwa ng'ombe ina mizizi katika kazi yake, na vivyo hivyo sindano anazopewa mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba chanjo hizo mbili alizitengeneza akiwa tayari amepooza upande wa kushoto. Kiharusi kilimpiga akiwa na miaka 45. Mkono wake wa kushoto haukurudi tena kuwa wa kazi, na mguu aliuburuta mpaka kufa. Hata hivyo, kazi zilizompa sifa kubwa zaidi duniani zilikuja baada ya siku hiyo.

Mwana wa mtengeneza ngozi

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa, akakulia Arbois. Baba yake alikuwa askari wa zamani wa Napoleon aliyeishi kwa kutengeneza ngozi. Kijana hakusomea udaktari wa binadamu. Alisomea kemia, na mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent, mwanamke ambaye baadaye alikuwa mkono wake wa pili.

Kabla ya kuugua alikuwa tayari mtu mashuhuri. Alikuwa ameonyesha kwamba divai na bia huchachuka kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba kuipasha divai moto wa kiasi huizuia isiharibike.

Mwaka 1865 serikali ilimtuma kusini, katika mji wa Alais, kuokoa biashara ya hariri. Viwavi wanaotoa nyuzi za hariri walikuwa wanakufa kwa maradhi. Mavuno ya Ufaransa yalikuwa yameshuka kutoka karibu tani 26,000 za vifuko vya hariri mwaka 1853 hadi tani 4,000 mwaka huo. Wakulima walinunua mayai ya viwavi kutoka nchi za nje, hata kutoka Japani, wakiwa hawajui kama ni mazima au yana ugonjwa.

Njia ya Pasteur ilikuwa rahisi. Nondo akishataga, asagwe na kupimwa kwa darubini. Akikutwa na vitone vya ugonjwa, mayai yake yachomwe moto. Baadhi ya wauzaji wa mayai hawakupenda habari hiyo, na maneno ya kumchafua yalienea.

Miaka hiyo ilikuwa mizito. Baba yake alifariki mwaka 1865, na binti zake wawili wakafa ndani ya miezi michache. Binti mwingine alikuwa amekufa mwaka 1859. Naye hakupumzika.

Usiku wa Oktoba 19

Asubuhi ya Oktoba 19, 1868, Pasteur alihisi mchonyoto upande wote wa kushoto. Hata hivyo mchana alikwenda kusoma taarifa ya mwenzake mbele ya Chuo cha Sayansi, mkewe akimsindikiza kwa wasiwasi. Alirudi nyumbani kwa miguu, akala, akalala mapema. Usiku alitaka kuita mtu, sauti ikakataa. Baadaye sauti ilirudi, lakini mkono na mguu wa kushoto vilizidi kulegea hadi vikafa ganzi kabisa.

Madaktari wa zama zile hawakuwa na dawa ya kiharusi. Walimwekea ruba nyuma ya masikio ili wanyonye damu. Kipimo cha shinikizo la damu cha kufunga mkononi, kama kile kinachotumika sasa zahanati, kilikuja mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kichwa chake kilibaki safi. Wiki moja baada ya pigo, akiwa hawezi kujigeuza kitandani, alimtajia msaidizi wake Désiré Gernez maneno ya taarifa mpya kuhusu viwavi, naye akaandika. Taarifa ikapelekwa Chuo cha Sayansi.

Waliomhesabu kuwa amekwisha

Wakati huo serikali ilikuwa inamjengea maabara mpya jijini Paris. Mafundi walikuwa wameanza kazi. Habari za ugonjwa zilipofika kwa wakubwa, ujenzi ulisimamishwa. Waliona hakuna sababu ya kutumia fedha kwa mtu anayekaribia kufa.

Mgonjwa aligundua. Ukimya wa pale nje ulimweleza kila kitu, na jambo hilo lilimuumiza kuliko ganzi ya mkono. Alimlalamikia rafiki aliyekuwa karibu na mfalme Napoleon III, mfalme akamwandikia waziri, na mafundi wakarudi kazini.

Familia nyingi zinalijua jambo hili. Mtu akipata kiharusi, watu huanza kugawana majukumu yake kabla hajatamka la kwake. Funguo za duka huhamishwa na wateja huambiwa waende kwingine. Mgonjwa husikia, hata kama ulimi ni mzito.

Kurudi kazini kwa mikono ya wengine

Mwishoni mwa Novemba Pasteur aliweza kukaa kitini kwa muda mfupi. Januari 1869, miezi mitatu baada ya pigo, alipanda treni kwenda kusini kwenye viwavi vyake, akiwa amelazwa ndani ya behewa, mkewe, binti yake na wasaidizi wakiwa pamoja naye. Wengi waliona ni wazimu. Kwake yeye, msimu wa mayai ulikuwa umefika na kazi haikungoja.

Akiwa huko aliamuru kutoka kitandani au kitini, na wasaidizi wakapima nondo kwa darubini. Jioni Marie aliandika maneno aliyotajiwa. Mwishoni mwa mwaka huo walihamia Villa Vicentina, karibu na Trieste, kwenye shamba la familia ya mfalme. Mayai yaliyochaguliwa kwa njia ya Pasteur yalitoa mavuno mazuri, na shamba lililokuwa la hasara likapata faida. Kitabu chake kuhusu viwavi vya hariri kilitoka mwaka 1870.

Kupona kwake hakukuwa kurudi alivyokuwa. Vidole vya kushoto vilikakamaa, na mwendo ukawa wa kuchechemea. Majaribio yaliyohitaji mikono miwili hakuweza kuyafanya peke yake. Basi alipanga upya siku yake. Mkono wa kulia uliendelea kuandika daftari, macho yaliangalia, kichwa kiliamua, na mikono ya vijana kama Émile Duclaux, Émile Roux na Charles Chamberland ilitenda.

Kwa mpango huo, mwaka 1881 alifanya jaribio la wazi la chanjo ya kimeta kijijini Pouilly-le-Fort. Kondoo 24 walichanjwa, wengine 24 wakaachwa, kisha wote wakapewa ugonjwa. Juni 2 watu walikusanyika kutazama. Waliochanjwa walikuwa wamesimama, na wale wengine karibu wote walikuwa wamekufa.

Julai 6, 1885, mama mmoja alivuka mpaka kutoka Alsace, iliyokuwa chini ya Ujerumani, akamleta mwanawe Joseph Meister, mwenye miaka tisa, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa daktari, kwa hiyo sindano zilichomwa na Dk. Jacques-Joseph Grancher. Mtoto alipona. Mwaka uliofuata walifika Warusi 19 wa Smolensk walioumwa na mbwamwitu, na 16 waliokoka.

Pigo la pili

Oktoba 1887 kiharusi kilirudi, safari hii kikagusa ulimi. Maneno yakawa mazito. Taasisi ya Pasteur ilipofunguliwa Paris, Novemba 14, 1888, kwa michango iliyotoka nchi nyingi, hotuba yake ilisomwa na mwanawe Jean-Baptiste. Ndivyo ilivyokuwa pia Desemba 27, 1892, alipotimiza miaka 70. Aliingia ukumbini Sorbonne ameshikwa mkono na Rais Sadi Carnot, na mwanawe akamsomea tena. Hakuona aibu kuazima sauti, kama ambavyo hakuona aibu kuazima mikono.

Alifariki Septemba 28, 1895, na amezikwa ndani ya taasisi hiyo.

Leo mgonjwa ana mengi ambayo Pasteur hakuyapata. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu au maneno yakichanganyika ghafla, awahishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mchonyoto unakuja na kuondoka kama ulivyofanya kwake. Baada ya hapo kuna mazoezi ya viungo na ya kutamka maneno. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye maendeleo ya haraka, lakini maendeleo hayakomi hapo, na dawa za presha hazikatishwi kwa sababu mtu amejisikia nafuu.

Yaliyobaki ni ya nyumbani na sokoni. Mwenye kiharusi anayejua bei, wateja na njia za mzigo bado anazijua. Anahitaji kiti, mtu wa kuandika daftari, kijana wa kubeba, na watu wanaomuuliza kabla ya kuamua.