Habari za Mwalimu Julius Nyerere na Watu Wasio na Kwao

Katika nchi yetu ya Mara hakuna asiyejua ya kuwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, tena ya kuwa ndiye aliyeiongoza Tanganyika kupata uhuru. Lakini liko jambo moja la maisha yake lisilosimuliwa sana, nalo ni jinsi alivyowatendea watu wasio na kwao. Mwezi huu twataka kulieleza, kwa maana lawahusu waalimu wa dini na wazee wa usharika, ambao huletewa karatasi na watu wasiojua kusoma.

Alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1922, mtoto wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, na mama yake Mgaya. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Toka hapo akaenda Tabora, kisha Makerere katika Uganda; na mwaka 1949 akavuka bahari kwenda kusoma Edinburgh, akarudi mwaka 1952. Alibatizwa mwaka 1943 katika Kanisa Katoliki. Akawa mwalimu, na jina la kazi hiyo alikaa nalo hata kufa kwake. Mwaka 1954 chama cha TANU kiliundwa, naye akawa mkuu wake. Mwaka uliofuata akaacha kufundisha, akajitoa kwa kazi ya nchi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, uhuru ulipokuwa karibu, likazuka Bungeni neno gumu: ni nani atakayehesabiwa kuwa raia? Wajumbe wengine walitaka uraia uwe wa watu weusi peke yao. Nyerere aliwapinga kwa nguvu. Alishika ya kuwa uraia hupimwa kwa uaminifu wa mtu kwa nchi, wala si kwa rangi ya ngozi yake; akawaambia kwamba wakiligeuza jambo hilo, serikali yake itajiuzulu. Basi sheria ikapita. Aliyezaliwa Tanganyika, na mmoja wa wazazi wake naye kazaliwa humu, alikuwa raia siku ile ya uhuru. Wengine waliokaa nchini walipewa miaka 2 ya kuomba kuandikishwa. Hapo ndipo wengi walipoona mara ya kwanza ya kuwa karatasi ndogo yaweza kuamua mtu ni wa wapi.

Mwezi wa Januari mwaka 1962 alifika Dar es Salaam Nelson Mandela, ametoka Afrika ya Kusini kwa siri, hana pasi ya kusafiria. Nyerere alimpokea. Akapewa hati fupi sana, yenye kueleza jina lake na nchi yake, na ya kuwa ana ruhusa kutoka Tanganyika na kurudi. Kwa hati hiyo aliendelea na safari yake katika Afrika.

Nao wakimbizi walikuja kwa maelfu: Wanyarwanda tangu mwaka 1959, watu wa Msumbiji tangu mwaka 1964, na Warundi mwaka 1972. Hapo Kanisa letu nalo liliitwa. Mwaka 1964 Fungamano la Kilutheri la Dunia lilianzisha shirika la TCRS la kuwahudumia wakimbizi, likafanya kazi pamoja na serikali na Umoja wa Mataifa. Porini wakafungua makao ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wageni hawakuachwa kungoja chakula cha kugawiwa tu, bali walipewa ardhi, wakalima wakajilisha.

Lakini hatusemi ya kuwa mambo yote yalikuwa mepesi. Sheria ya mwaka 1966 iliwafunga wakimbizi wakae mahali walipowekwa, wasitoke pasipo kibali. Mtu aliweza kushiba shambani kwake, lakini asiwe na uhuru wa kwenda atakako. Kwa hiyo shamba peke yake halikutosha. Ilipasa mgeni apate na hati ya kuwa mwenyeji. Mwaka 1980 serikali ya Nyerere iliwafungulia Wanyarwanda wapatao 36,000 mlango wa uraia.

Mwaka 1983 alipewa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa watu waliowasaidia wakimbizi. Nansen alikuwa mtu wa Norway, aliyewapatia pasi watu waliopoteza nchi zao baada ya vita vya mwaka 1914 hata 1918. Pasi hizo zilianza mwaka 1922, ndio mwaka aliozaliwa Nyerere.

Aliacha urais mwaka 1985, akafa London tarehe 14 Oktoba 1999. Baada yake, mwaka 2010, Warundi zaidi ya 162,000 wa mwaka 1972 pamoja na watoto wao walikubaliwa kuwa raia. Lakini vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Miaka hiyo yote walikaa katikati: uraia wa kwao wameukana, na cha hapa hawana cha kushika mkononi. Aliyekubaliwa bila kupewa cheti hana la kuonyesha mbele ya askari.

Ndugu zetu wa Mbalibali, nanyi mwakaa si mbali na mpaka. Wakuria wako Tanzania na Kenya pia. Mstari ule uliochorwa na wageni ulipita kati ya ndugu na ndugu. Basi akija kwenu mjane au mgeni na karatasi asizozifahamu, msimrudishe. Msomeeni kila neno kabla hajatia kidole. Andikeni jina lake na mahali alipozaliwa kama alivyo kweli, wala msimshuhudie uongo hata kwa huruma, maana neno moja la uongo likigunduliwa laweza kumpotezea yote. Mwelekezeni ofisi ya Uhamiaji siku zake zisijapita. Msimtoze fedha kwa msaada huo, naye aweke nakala ya kila karatasi aliyoipeleka.

Tukumbuke ya kuwa Bwana wetu alizaliwa wakati wazee wake walipokuwa safarini kwenda kuandikwa katika orodha, na muda si mwingi akakimbizwa Misri usiku. Yeye amjua mtu aliyesimama mlangoni na karatasi mkononi.