Chapman: Kijana aliyegawia kila silinda haki yake hadi akatungiwa sheria

Kama una rafiki anayesomea uhandisi na yuko kwenye timu ya wanafunzi wanaounda gari la mashindano, muulize ni kifaa gani kinamkosesha usingizi. Usishangae akikuambia ni bomba. Kibomba tu cha alumini, kinacholala juu ya injini na kugawia kila nozeli petroli kwa presha sawa. Katika Formula SAE, ligi ya vyuo iliyoanza Marekani mwaka 1981, vijana wengi hulichonga bomba hilo wenyewe, na sheria haziwaachi wapumue. Lisiwe la plastiki. Lisifungwe kwa waya, likazwe kwa boliti. Injini isizidi cc 710, na hewa yote inayoingia ipitie tundu la milimita 20. Ukishabaniwa hewa namna hiyo, silinda moja ikipata petroli kidogo kuliko wenzake, gari linaanza kukohoa na siku yako imeisha.

Sasa, kuna jamaa aliyeumizwa kichwa na hesabu hiyo hiyo kabla hata ligi hiyo haijazaliwa, wakati magari yakitumia kabureta. Jina lake Colin Chapman. Ukiona gari limeandikwa Lotus, huyo ndiye mwenyewe.

Chapman alizaliwa Mei 1928 huko Richmond, Uingereza, akakulia kaskazini mwa London ambako babake aliendesha baa iliyoitwa Railway Hotel. Alienda University College London kusomea uhandisi wa majengo. Lakini si unajua mwanafunzi na pesa? Yeye na rafiki yake wakaanza kununua magari makuukuu na kuyauza. Biashara ilishika vizuri hadi mwishoni mwa 1947, serikali ilipofuta mgao wa kawaida wa petroli uliobaki tangu wakati wa vita. Nani atanunua gari asiloweza kulitia mafuta? Wakauza kwa hasara, na Chapman akabaki na Austin 7 moja, kigari cha zamani ambacho hakikuwa na mteja.

Wewe ungelifunika turubai ungoje bei ipande. Yeye alilivua bodi lote. Mpenzi wake, Hazel Williams, alikuwa na wazazi wenye gereji nyuma ya nyumba, na humo ndani Chapman akaunda bodi jipya la mbao nyembamba zilizobandikwa alumini. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza. Alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini na moja.

Najua sisi tuliokatiza chuo tunapenda hadithi za watu waliofaulu bila cheti. Hii siyo. Mtihani wa mwisho wa hesabu ulimwangusha mwaka 1948, akaurudia, na shahada akaipata mwaka uliofuata. Kisha akaajiriwa kwenye kampuni ya alumini. Magari yalikuwa ya jioni na wikendi.

Na ilikuwa katika jioni hizo, pamoja na ndugu wawili wa familia ya Allen, alipofanya kitu ambacho mpaka leo nikikiwaza natabasamu. Kulikuwa na mashindano ya bei nafuu yaliyosimamiwa na 750 Motor Club, kwa watu wasio na pesa, wote wakitumia injini ile ile ya Austin 7 ya cc 747. Injini ilikuwa na silinda nne lakini matundu mawili tu ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli. Yaani silinda mbili zinashiriki tundu moja, kama wapangaji wa vyumba viwili wanaochota kwenye mfereji mmoja. Mbaya zaidi, waliokuwa wakishiriki walivuta mmoja nyuma ya mwingine, papo hapo. Lazima mmoja ampunje mwenzake. Kila fundi alilijua hilo, na kila mmoja aliona ndivyo injini ilivyoumbwa, utafanyaje?

Chapman hakuiona injini hivyo. Kwa gari lake la tatu, la mwaka 1951, alitengeneza bomba la kuingizia lenye kizuizi katikati, kinachoteremka hadi ndani ya tundu lenyewe na kuligawa mara mbili. Ghafla kila silinda ikawa na njia yake. Hakuongeza ukubwa wa injini hata kidogo. Msimu huo wenzake walikuwa wakiona mgongo wa gari lake tu. Walipokimbilia kitabu cha sheria, hakukuwa na mstari unaokataza kugawa tundu. Basi wakauandika. Ujanja huo ukapigwa marufuku.

Hapo ndipo unamwona mtu mzima: anaangalia kitu ambacho wote wamekikubali, halafu anauliza kina kazi ngapi na kwa nini kisifanye nyingine. Januari 1952 alianzisha kampuni ya Lotus, kwenye banda la zamani la farasi nyuma ya baa ya babake, kwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel. Walioana 1954.

Miaka kumi baadaye akaleta Formula One gari la Lotus 25. Badala ya fremu ya mabomba yenye tanki la mafuta pembeni, aliunda masanduku mawili marefu ya alumini, akaweka mifuko ya mpira ya petroli ndani yake, na masanduku yenyewe yakawa ndiyo mwili wa gari. Dereva analala katikati. Kwa gari hilo Jim Clark akawa bingwa wa dunia 1963, akishinda mbio saba kati ya kumi. Mwaka 1967 Chapman akaenda mbali zaidi na Lotus 49: injini ya Cosworth, ambayo Ford ilitoa pauni 100,000 iundwe, ilifungwa nyuma ya kiti cha dereva na magurudumu ya nyuma yakashikiliwa na injini yenyewe. Hakuna fremu nyuma, injini ndiyo fremu. Ilishinda siku ya kwanza kabisa ilipoingia mashindanoni, huko Zandvoort, Uholanzi.

Lakini hebu tusimame hapa. Ukifanya kila kipande kibebe kazi mbili, na ukiendelea kupunguza uzito, hubaki na akiba. Kipande kikikatika, hakuna kingine cha kukushika. Mei 1969 huko Barcelona mabawa marefu ya magari yake mawili yalivunjika katika mbio moja. Jochen Rindt alinusurika, akamwandikia Chapman barua kumlalamikia kwamba magari yake ni dhaifu mno. Septemba 1970, wakifanya mazoezi Monza, Italia, mtaimbo wa breki ya mbele wa Lotus ya Rindt ulikatika, na akafa. Pointi alizokuwa amekusanya hazikufikiwa na yeyote, kwa hivyo alitawazwa bingwa akiwa kaburini. Clark alikuwa ameshafariki 1968 huko Hockenheim, naye akiwa ndani ya Lotus. Kuna wanaosema zama hizo kila timu ilizika madereva. Ni kweli. Ila barua ya Rindt ilifika mapema, na mwenyewe aliisoma.

Lotus ilitwaa ubingwa wa timu mara saba akiwa hai, mara ya mwisho 1978. Kisha likaja suala la DeLorean, gari lililoundwa Ireland Kaskazini kwa pesa za serikali ya Uingereza, huku Lotus ikifanya kazi ya uhandisi. Mamilioni ya dola yalipitishwa kwenye kampuni ya Panama yakapotea. Mwaka 1992 mkuu wa fedha wa Lotus alifungwa jela, na jaji akatamka kwamba Chapman angekuwepo kizimbani, angepewa miaka kumi au zaidi. Yule aliyesoma sheria za 1951 akitafuta kisichoandikwa hakuwahi kuulizwa.

Alikufa kwa mshtuko wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na miaka 54. Siku hiyo hiyo vijana wake walikuwa uwanjani wakijaribu kwa mara ya kwanza Lotus ya Formula One yenye saspensheni inayojirekebisha yenyewe.